Laptopu ya Mahari: Ya Bei Chee au Ya Kifahari?

 

Najua wengi mnaosoma hapa mpo Unguja na Pemba, kwa hiyo nianze kwa kusema nilipo mimi. Nipo Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Magharibi yetu lipo Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku si mchezo, mtu analala na sweta na mablanketi mawili. Ninashona nguo za maharusi, kazi niliyoisomea baada ya kidato cha nne, na nguo zangu chache zimevuka maji mpaka huko visiwani kwa njia ya ndugu na marafiki. Ndiyo maana mwezi uliopita bi harusi mtarajiwa mmoja wa Pemba alinitumia ujumbe. Alisikia kwamba mahari ya mdogo wangu ilikuwa laptopu. Akauliza mambo mawili: si aibu? Na kama si aibu, mtu anataja ya namna gani, ya bei chee au ya kifahari?

Nilimjibu kwa sauti ya dakika saba WhatsApp, kisha nikaona bora niiandike, maana hilo swali lake la pili lilitusumbua sisi karibu wiki tatu.

La aibu nilimalize haraka. Mahari ni haki ya mwanamke, na Suratun Nisaa aya ya 4 inalisema hilo wazi. Si ya baba, si ya shangazi, si ya kamati ya harusi. Anayeitaja ni bi harusi. Na inaweza kuwa kitu chochote cha halali chenye manufaa. Wote tunakijua kisa cha yule sahaba ambaye Mtume (s.a.w.) alimwambia akatafute hata pete ya chuma, akaikosa, akaozeshwa kwa kumfundisha mkewe Qur'ani aliyoihifadhi. Kama pete ya chuma inafaa, laptopu itashindwaje?

Sasa mdogo wangu. Yeye alisomea uhazili na kompyuta, akafanya kazi miaka miwili kwenye steshenari ya mtu hapa mjini. Kazi yenyewe mnaijua: kuchapa barua, kutoa kopi, picha za pasipoti, na siku hizi zaidi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Msimu wa vijana kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, foleni inatoka nje ya mlango. Kuna Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, kuna kusajili jina la biashara BRELA, kuna vyeti vya kuzaliwa vya kuhakikiwa RITA. Kila kimoja kina tovuti yake, na kila mteja anakuja na karatasi zake za kuskani na nenosiri alilolisahau.

Mchumba wake ni kijana wa Laela, kwenye barabara ya kwenda Tunduma, ananunua na kuuza mahindi na ulezi. Kwa hiyo mdogo wangu alijua akiolewa atahama mjini, na ile ajira ya steshenari itabaki nyuma. Posa ilipoletwa, mwaka 2025 baada ya mavuno, baba mdogo ambaye ndiye walii wetu (baba alishatangulia, Allah amrehemu, na ndugu wa kiume hatuna) akamwita ndani amuulize mahari yake. Shangazi zangu walikuwa wameshapanga vichwani mwao: fedha taslimu, kitanda na kabati. Mtoto akasema, "Baba, mimi nataka laptopu ya kufanyia kazi."

Baba mdogo alicheka kwanza. Baadaye akaona mtoto hachekeshi, akampigia simu sheikh wa msikiti wetu.

Sheikh hakuona tatizo, ila alitupa masharti ambayo nayaandika hapa kwa faida ya kila bi harusi. Kwanza, kitu cha mahari kijulikane. Ukisema tu "laptopu" hujasema kitu, maana kuna laptopu ya laki tatu na kuna ya milioni tano. Taja aina yake na hali yake. Pili, kama ina kasoro au imeshatumika, ielezwe, na bi harusi aridhie mwenyewe. Tatu, iandikwe na thamani yake kwa shilingi. Baba mdogo akauliza hiyo thamani ya nini tena. Sheikh akamjibu kwamba Mungu apishie mbali, lakini wakiachana kabla ya kuingiliana, nusu ya mahari inarudi, "na laptopu haipasuliwi nusu." Hilo sikuwahi kulifikiria, na nimehudhuria ndoa nyingi kuliko sheikh mwenyewe kwa sababu ya kazi yangu.

Kazi ya kuulizia bei nikapewa mimi. Kwenye ukoo wetu mwenye laptopu ni mimi, ninayo ya kuwekea vipimo vya wateja na picha za mishono, basi wakaona mimi ndiye mtaalamu. Utaalamu wangu ni wa fundi cherehani, na ndio nilioutumia. Niwaeleze namna ninavyozielewa hizi mashine, wengine mnatajiwa maneno dukani mpaka mnaona haya kuuliza.

Ile RAM wanayoitaja ni meza ya kukatia. Ukiwa na meza ndogo, gauni la harusi lenye mkia huwezi kulitandaza lote, unakata kipande, unakunja, unatandaza kingine, siku inaisha. Sehemu ya kuhifadhia vitu ni kabati la vitambaa. Hapo usiulize ukubwa tu, uliza na mlango wake unafungukaje, maana kuna kabati unavuta kitambaa mara moja na kuna kabati unasukumana nalo. Linalofunguka vizuri wanaliita SSD. Na prosesa ni fundi mwenyewe. Fundi mzuri kwenye meza ya futi mbili atahangaika tu, na fundi mzito ukimpa meza ya ukumbi mzima bado ni mzito.

Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa mpya, ndani ya boksi, rangi ya waridi inayong'aa, shilingi 580,000. Mama mkwe mtarajiwa aliiona kwenye simu yangu akaipenda palepale, na kusema kweli ni nzuri kuitazama. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, na kabati la GB 64 la ile aina wanayoiita eMMC, ambayo ni nzito kuliko SSD. Windows 11 yenyewe inataka RAM isiyopungua GB 4 na nafasi isiyopungua GB 64. Maana yake mashine hii imepita mlangoni kwa kuinama. Hujaweka hata picha moja ya mteja na kabati limeshachukuliwa sehemu kubwa na Windows. Nikauliza kama RAM inaongezwa, nikaambiwa haiongezwi, imechomelewa humo humo.

Nikaomba niijaribu, na muuzaji alikuwa muungwana akaifungua. Nilifanya kama mdogo wangu anavyofanya siku ya kazi: nikafungua tovuti mbili tatu kwenye kivinjari, barua kwenye Word, faili la PDF, na WhatsApp ya kwenye kompyuta ambako wateja hutuma vyeti vyao. Kubadilisha kutoka dirisha moja kwenda jingine nikawa nahesabu kimoyomoyo. Nilifika kumi na nane. Sasa fikiria mteja amesimama mbele yako, lori linalompeleka limeshawasha injini.

Siidharau lakini. Mtoto wa shule wa kusomea na kuandika, mwalimu wa madrasa anayetayarisha masomo yake, dada anayeandika kumbukumbu za kikundi, itawafaa miaka kadhaa. Ila kwa steshenari ya Laela, hapana.

Ya pili ndiyo ya kifahari. Huyu bwana harusi wetu, Allah ambariki, ni kijana mwenye haya na mwenye fahari pia. Aliposikia mchumba wake anataka laptopu, akaenda kuuliza vijana wa mjini laptopu nzuri kabisa ni ipi. Wakamwambia MacBook Air. Mpya, milioni tatu na laki mbili. Akaja na jina hilo kama mtu aliyeleta dhahabu.

Nisiwe mnafiki, ni mashine nzuri. Apple wanasema betri yake inafika saa 18 za kutazama video, nyepesi kama daftari, na haina feni ndani, jambo ambalo huku kwetu si dogo. Msimu wa kupukuchua mahindi vumbi la Laela linaingia hadi kwenye chai. Lakini RAM yake nayo haiongezwi baada ya kununua, na ikiharibika fundi wa kuifungua simjui Laela wala hapa mjini. Ingebidi ipande basi hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, au Dar es Salaam, zaidi ya 1,000. Na mdogo wangu amezoea Windows, kazi zake zote na mafaili ya ile steshenari ni ya huko.

Hayo yote yangeweza kuvumilika. Kilichonikaa rohoni ni hesabu ya magunia. Huku Ufipa tunahesabu kwa magunia hata kama ni nguo. Kwa bei aliyokuwa akiuzia msimu ule, shilingi 50,000 gunia la kilo mia, MacBook ni magunia 64. Ile ya waridi ni magunia 12 kasoro kidogo. Nikamuuliza shemeji, una magunia mangapi ya kutoa kwa mahari bila kugusa mtaji? Akafikiri, akasema kama 24. Nikamuuliza hayo mengine 40 yatatoka wapi. Akanyamaza. Baadaye nikaambiwa na mdogo wangu kwamba amekwishazungumza na watu wa mkopo.

Mnaijua mikopo ya kausha damu. Mnaisikia redioni, mnaijua na mitaani. Mtu anachukua milioni moja asubuhi bila maswali mengi, na kuanzia wiki hiyo hiyo anarejesha na riba juu, akichelewa wanakuja kubeba godoro. Nina wateja wangu wawili walioacha nguo zao za sikukuu kwangu bila kuzichukua kwa sababu hiyo hiyo. Na hapo ni kabla hatujaifikia riba yenyewe kama riba, ambayo hukumu yake hakuna Muislamu asiyeijua.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alimpigia simu mchumba wake mbele yetu, akaweka spika, akamwambia, "Mume wangu mtarajiwa, mahari yangu isiingiwe na riba. Ukiniletea kitu cha mkopo ule nitakirudisha." Kisha akakata simu akaendelea kuchambua mchele. Sisi wakubwa tulibaki tunatazamana.

Hapa nitoke pembeni kidogo, kwa sababu yule dada wa Pemba aliniuliza kama hakuna njia ya halali ya kununua kitu cha gharama kidogo kidogo. Ipo. Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, CRDB wakaanzisha Al Barakah mwaka 2021, na nyie visiwani mna PBZ yenye huduma za Kiislamu tangu zamani. Njia inayotumika sana kwa vitu vya kununua ni murabaha: benki inakinunua kile kitu kwanza kiwe chake, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu siku ya kwanza, unalipa kwa awamu, na bei haipandi. Ni biashara, si riba. Sisi tuliizungumza, na shemeji akaona hapana, msimu ulikuwa unaendelea na hakutaka kuingia kwenye ndoa na marejesho ya kila mwezi. Mimi nilimuunga mkono. Deni la halali nalo linadaiwa.

Tukabaki na swali: ya magunia 12 haitoshi kazi, ya magunia 64 haitoshi mfuko. Nilishaanza kufikiri tumwambie mtoto achukue fedha tu.

Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta, ambaye mkewe ni mteja wangu, ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, dada, wewe unatafuta kati ya chee mpya na ghali mpya. Tafuta iliyokuwa ghali. Makampuni makubwa ya nje hununulia wafanyakazi wao laptopu imara za kikazi, baada ya miaka michache wanazibadilisha zote kwa mpigo, na zile za zamani ndizo zinazokuja huku. ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zikiwa mpya zilikuwa bei ya hiyo MacBook.

Akanitahadharisha jambo moja ambalo naomba mlishike. Madukani utakuta hizi za kikazi kwa laki tatu, laki tatu na nusu, nzuri machoni, ila prosesa zake za Intel ni za kizazi cha tano, cha sita au cha saba. Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, na Microsoft walikuwa wametangaza kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Wakati sisi tunatafuta, tarehe hiyo ilikuwa karibu kabisa. Wenye hizo mashine walikuwa wanaziuza haraka haraka, na wanunuzi hawajui. Mashine inayoshika nyaraka za watu na namba zao za NIDA kukaa bila masasisho ya usalama si jambo la kuchukulia wepesi.

Basi tukapata Mbeya ThinkPad T480, laptopu iliyotoka mwaka 2018, prosesa ya i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256. Shilingi 650,000. Magunia 13! Na RAM yake ina nafasi mbili, unafungua chini kwa bisibisi unaongeza mwenyewe siku ukipata fedha. Lakini kilichonifanya niseme hii ndiyo yetu ni betri. Ina mbili, moja ndani, moja nyuma ya kuchomoa. Ya nyuma ikiisha unaitoa unaweka nyingine na mashine haizimi, ile ya ndani inashikilia. Nyie mnaokaa kwenye umeme wa kutulia labda hamtaona ukubwa wake. Mji wetu kwa miaka mingi umekuwa ukila umeme unaotoka Zambia na wa majenereta ya dizeli. Mimi nina cherehani ya umeme na nimeiacha ile ya miguu pale pale pembeni kwa makusudi kabisa.

Nilisafiri mwenyewe hadi Mbeya, nilikuwa nafuata lesi na shanga pia. Kabla ya kulipa nilifanya kama nilivyoelekezwa. Niliandika ile amri ya powercfg /batteryreport, ikatoa karatasi inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebaki na uwezo gani. Ya ndani ilikuwa bado nzuri, ya nyuma imechoka, na muuzaji akakubali hilo bila kubisha. Niliizima nikaiwasha kuangalia kama haina nenosiri la kampuni iliyokuwa nayo, maana ikifungwa na mwenyewe wa zamani umenunua sinia. Nilibonyeza kibodi herufi moja moja. Mashine nyingine zinatoka Ujerumani au Ufaransa, na herufi zake zimekaa kwingine, utatafuta A mpaka Magharibi. Na nililipiga picha lile karatasi lililobandikwa chini yake lenye namba, nikamtumia mdogo wangu, naye akajibu "nimeridhia." Ujumbe ule nimeuhifadhi, sheikh alisema aridhie mwenyewe.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe bado shangazi.

Shangazi yetu mkubwa anakaa Kirando, kwenye ufukwe wa Tanganyika, na alikuja na mizigo yake ya migebuka siku kumi kabla ya ndoa. Alipoambiwa laptopu yenyewe imetumika, aliweka kikombe chini. "Yaani mtoto wetu anaolewa kwa mtumba?" Kimya. "Nauliza. Kaka yangu angekuwa hai mngemletea mtumba?" Mama yangu akaanza kulia, maana ukimtaja baba mambo yanakuwa mengine. Na mimi sikumlaumu shangazi. Kwa watu wa rika lake mahari ni uso wa binti mbele za watu, na watu wa Laela wangeuliza, na jibu lingezunguka mpaka ziwani kabla ya samaki kukauka.

Nilimchukua nikaenda naye ofisini kwangu. Nikamfungulia kabati la shela za kukodisha. Nikamwonyesha moja, ile nyeupe ya mikono ya lesi, nikamwambia, shangazi, hii imeshawavalisha maharusi tisa. Wote unawaona mitaani na waume zao. Nani aliyewaita maharusi wa mtumba? Akaishika, akaigeuza, akatazama pindo. Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji ujanani, anajua kazi. Akasema, "Hii imetunzwa." Nikamwambia na ile laptopu imetunzwa. Hakusema nimekubali, shangazi zetu hawasemi hivyo. Alisema, "Basi na pesa iwepo, isionekane tumetoa mtoto kwa kifaa."

Kwa hilo alikuwa na haki, na liliwezekana. Magunia 24 aliyosema shemeji ni shilingi 1,200,000. Laptopu ilichukua 650,000. Mdogo wangu akataja na 500,000 taslimu, na ile elfu hamsini iliyobaki akamwachia mumewe. Kila mtu akapata cha kusema kwao.

Siku ya ndoa sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, tunasikia kwa kipaza sauti. Sheikh aliisoma mahari taratibu kama anasoma mirathi: laptopu moja aina ya ThinkPad T480, iliyotumika, RAM GB 8, SSD GB 256, betri mbili, ya nyuma ikiwa imechoka, thamani yake shilingi laki sita na nusu, pamoja na fedha taslimu laki tano. Vijana wa nyuma wakaanza kunong'ona, mmoja akauliza kwa sauti, "Kizazi cha ngapi?" na watu wakacheka. Bwana harusi akaitikia bila kukosea hata neno moja. Shangazi yangu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Betri iliyochoka na yote.

Ile mali ni ya mdogo wangu peke yake. Nalisema kwa sababu nimeona nyumba ambazo mahari ya mke, baada ya mwezi, inageuka kuwa "yetu" na mwisho inakuwa yake yeye mume. Dini imelimaliza hilo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe. Shemeji akitaka kutazama bei za mahindi mtandaoni anaomba. Mimi nimemshuhudia akiomba.

Laki tano aliziweka kwenye printa ya wino wa matangi na kodi ya chumba kidogo karibu na kituo cha mabasi Laela. Jina la biashara alilisajili BRELA mwenyewe kwa laptopu ile ile. Betri ya nyuma aliibadilisha mwezi wa pili wa ndoa, 75,000, ililetwa kwa basi kutoka Mbeya ikiwa imefungwa kwenye boksi la sabuni. RAM bado hajaongeza, anasema GB 8 zinamtosha mpaka msimu wa Bodi ya Mikopo utakapofika, hapo ndipo ataona. Anachokililia sasa ni mashine kubwa ya kutoa kopi. Kwa hiyo ameingia kikundi cha akina mama wanaoomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo wanawake wametengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024, na haina riba. Kikundi kimeshajaza fomu, na unajua ni nani aliyewajazia. Majibu bado.

Na wewe dada yangu wa Pemba, uliniambia mchumba wako ana kama laki saba na anataka kuleta mpya ndani ya boksi kwa sababu mama yake atafurahi. Mwambie akupe wiki moja. Andika kwanza kwenye karatasi kazi utakazozifanya nayo siku ya kawaida, kuanzia asubuhi hadi kufunga, halafu ndiyo mwende dukani pamoja na walii wako, mkaijaribu kwa kazi hizo. Kama ni ya kusomea na kuandika tu, hiyo mpya chukua na moyo mweupe. Kama ni ya biashara, nitumie picha ya karatasi la chini ya mashine kabla hajalipa, usiku au mchana, nitaiangalia nikiwa cherehani.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.